Mahindi ya Sakafuni

Chwaa, chwaa, chwaa. Halafu kimya kidogo, halafu punje za mahindi zikidondoka kwenye ndoo ya plastiki, tatata-tata, kama mvua iliyoanza kisha ikaghairi. Hiyo ndiyo sauti iliyoniamsha asubuhi ya kwanza Kibaigwa, na mpaka leo, nikiwa nimelala kwangu Miyuji, Dodoma, jirani akiamka mapema kufagia uwanja wake, nafumbua macho nikiwa na miaka kumi na mitano. Kwa muda mfupi sijui mume wangu ni nani wala watoto wangu wako wapi. Najua tu kwamba kuna wanawake wanafagia sakafu ya soko, kwamba mama ameshaondoka kwenda kuwasha moto, na kwamba mimi nimekasirika na sitaki kuamka. Kisha akili inarudi, nacheka peke yangu, mume wangu ananiuliza, "Unacheka nini saa hizi?" Namjibu kwamba ni ndoto. Si uongo sana.

Mwezi uliopita nilikwenda soko la Majengo kununua vifungo na uzi, kwa sababu shule zilikuwa karibu kufunguliwa na mimi ndiyo kazi yangu, nashona sare za wanafunzi. Nilikuwa nimeinama nachambua vifungo vyeupe nikasikia mtu nyuma yangu anaita, "Tajiri! We Tajiri!" Sokoni neno hilo si geni, kila mwenye mfuko ni tajiri mpaka aseme bei ni kubwa. Lakini huyu alilivuta mwishoni kwa namna ambayo mgongo wangu uliitambua kabla yangu. Niligeuka. Alikuwa amekaa nyuma ya rundo la karanga, amenenepa, ana miwani, kitenge amekifunga kifuani, na kwenye shavu lile kovu la kuanguka na ndoo ya maji bado lipo. Eda, rafiki yangu wa Kibaigwa! Tulikumbatiana mpaka mteja wake akasema, "Dada, nipimie kwanza ndipo mlie." Nikamuuliza habari za mama yake, Mama Yeremia, mwenye nyumba wetu wa wakati ule. Eda akaangalia karanga zake, akazisawazisha kwa kiganja, akasema, "Mama alitutoka. Tulikutafuta kwa ile namba yako ya zamani." Nilikaa juu ya gunia. Tukalia kidogo, tukacheka sana, na tangu siku hiyo mwaka ule wote wa Kibaigwa umekuwa ukirudi kwangu kipande kipande, nikiwa kwenye cherehani, nikiwa napika, hata nikiwa msibani kwa watu wengine.

Kwa nini baba na mama waliachana sitaeleza, maana hata mimi niliambiwa nusu, na ile nusu yenyewe kila mmoja alinipa ya kwake. Tulikuwa tunakaa Dar es Salaam, Temeke. Mama alikuwa na rafiki aliyesoma naye, mwenye banda la chakula pale soko la mahindi Kibaigwa, na rafiki huyo alikuwa anahama, akamwambia aje alichukue. Basi tukaja, mwezi wa kwanza, na magodoro yamefungwa juu ya basi. Makubaliano ya wazazi wangu yalikuwa haya: mwaka huo nikae na mama nisome kidato cha pili pale, na shule zikifungwa Desemba baba atakuja, na mimi mwenyewe nitachagua nani nikae naye. Watu wazima walilitamka neno hilo, kuchagua, kama zawadi. Mimi nilikuwa nimeshachagua kabla basi halijatoka stendi. Nilihesabu mwaka ule kama mtu anavyosubiri foleni ya maji, ndoo mkononi, macho mbele.

Chumba chetu kilikuwa nyumbani kwa Mama Yeremia, nyumba ndefu ya matofali ya kuchoma, nyuma kidogo ya soko. Kilikuwa na dirisha moja la mbao lililotazama uwanja wa mbuzi, kitanda kimoja tulicholala wote wawili, kabati la vyombo lililokosa mguu likapewa tofali, na ukutani kalenda ya miaka iliyopita ambayo mama hakuitoa kwa sababu, alisema, inaziba ufa. Nyumba haikuwa na dari. Kuta ziliishia chini ya kenchi za bati, hivyo maneno yalipanda upande mmoja yakashukia upande wa pili, na mtu akipiga chafya kule chumba cha mwisho, huku tunajibu. Mama Yeremia alikaa upande wa pili wa ukuta na mwanawe Eda. Kaka yake Eda, huyo Yeremia mwenyewe, alikuwa anafundisha shule ya msingi mbali huko Mpwapwa, tulimjua kwa picha tu. Mama Yeremia alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na kwaya aliiongoza kweli, kanisani Jumapili. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, akatusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" Mama akanigusa kwa kiwiko nijibu, nami sikujua la kujibu, nikasema, "Asante." Alicheka akasema, "Na wewe asante, mwanangu. Karibuni vumbi."

Na vumbi lilikuwepo! Lilikaa kwenye chai, lilikaa kwenye daftari, ukivua soksi unaona mguu umechorwa mstari. Shuleni walinizunguka kuniuliza kama ni kweli Dar watu wanauziwa maji, nami nikawaongezea na mengine ambayo hata mimi sikuyajua. Chakula kilinishinda. Jioni ya kwanza Mama Yeremia alituletea ugali wa uwele, mweusi kama udongo wa mfinyanzi, na mlenda kwenye bakuli. Nilichovya tonge, nikavuta, mlenda ukavutika, nikainua mkono juu zaidi, ukavutika zaidi, Eda akasema, "Simama juu ya kiti." Mama akazuia kicheko kwa kiganja. Nilikimeza kile kitu nimefumba macho. Leo mtu akinialika kwake akanipikia mlenda wa karanga nakaa mpaka sufuria ifutwe, lakini jioni ile nililala njaa kwa hiari, nikiwaza chipsi za pale Temeke mwisho, na baba akinisubiri nje ya kibanda.

Baba alipiga simu Jumapili. Mama alikuwa na kisimu kidogo, kikilia alinipa bila kutazama kioo, akatoka nje kuanua nguo hata kama hazijakauka. Baba aliniuliza ninasomaje, ninakula nini, kisha aliniuliza, "Bado unakumbuka Desemba?" Nilimwambia, "Naikumbuka kila siku, Baba." Alifurahi. Sauti yake ilikuwa na mwangwi, kama mtu anayeongea kwenye chumba kilichotolewa vitu.

Msimu ulipofunguka, mwezi wa sita, Kibaigwa ikageuka mji mwingine. Malori yalijipanga kando ya barabara kuu, mahindi yalikuja kwa matrekta, kwa mikokoteni ya ng'ombe, kwa baiskeli. Madalali walikimbia na bambo mkononi, kile chuma chembamba cha kuchoma gunia na kuchota punje za katikati, maana watu wajanja huweka mazuri juu. Wapakiaji walipita na magunia mabegani wakipiga mluzi. Banda la mama lilijaa kuanzia alfajiri; chapati, supu, wali maharage. Nami kwa kuwa ilikuwa likizo nikawa mhudumu wa sahani. Nilipenda kuangalia namba za malori na kuuliza wanakokwenda. Yanayokwenda Dar niliyaaga kwa mkono kana kwamba ndani yake yumo ndugu yangu.

Jumamosi moja nilikuwa narudisha vyombo, gunia likapasuka begani kwa mpakiaji mbele yangu. Mahindi yalimwagika sakafuni kama maji, mpaka kwenye vidole vyangu. Mpakiaji alisonya, akalitupa gunia lililobaki nusu pembeni, akaenda kuchukua jingine. Sikuona mtu akifanya lolote. Mwenye mzigo, mfanyabiashara mgeni mwenye kofia nyeupe, alikuwa ameshika kichwa. Basi mimi, mtoto niliyelelewa kwamba cha mtu ni cha mtu, niliweka sahani chini, nikapiga magoti, nikakusanya yale mahindi kwa mikono yote miwili, nikayarudisha kwenye gunia. Nilikusanya mpaka punje za chini ya mizani. Yule mwenye kofia akapaza sauti soko zima lisikie, "Jamani tazameni mtoto mwaminifu! Watoto kama hawa wamebaki wapi?" Nikainua uso nikitabasamu. Mbele yangu walisimama wanawake wenye mafagio na nyungo, wananitazama. Mama Yeremia alikuwa katikati. Alishika fagio lake kwa mikono miwili, akapiga goti mbele yangu, yeye mwenye umri wa kunizaa mara mbili, akasema kwa sauti ya kwaya, "Shikamoo, mwenye mahindi."

Nikajibu, "Marahaba."

Jamani! Soko lilipasuka. Wanawake wakajipanga foleni kunisalimia, mmoja mmoja, wengine wamebeba watoto mgongoni: "Shikamoo, tajiri." "Shikamoo, tajiri, za Dar?" "Tajiri, na mume wangu anakusalimia, yuko shamba analima mahindi yako." Mpakiaji mmoja akavua kofia. Eda alikuwa amekaa chini, hajiwezi, machozi yanamtoka. Nilikimbia mpaka bandani nikajificha nyuma ya pipa la maji. Mama alinikuta huko akasema, "Toka, chapati zinaungua," na nilipomtazama niliona naye anajiuma mdomo asicheke.

Jioni Mama Yeremia alikuja mlangoni kwetu na ungo wa mahindi anachambua, akakaa kwenye kigoda bila kualikwa, maana nyumba ni yake. Akasema, "Mwanangu, sikia. Gunia lina mwenyewe. Na sakafu ina wenyewe." Ndipo nikaelewa. Wale wanawake hakuna aliyewaajiri. Walifagia soko kila alfajiri, walikusanya mifuko iliyochanika wakaishona, na malipo yao yalikuwa kile kilichoanguka. Punje ikishagusa saruji imeshahama ukoo. Wakubwa wote wa pale walilijua hilo. Dalali aliyeinama kuokota mahindi sakafuni alichekwa mwaka mzima. Yale niliyoyarudisha mimi kwa mikono yangu yaliyooshwa vizuri yangekuwa ugali wa nyumba kadhaa. Nikamwambia, "Nisamehe, Mama." Akasema, "Ya kusamehe yako wapi? Umepokea shikamoo yangu, tumemalizana. Ila Jumamosi ijayo uje na fagio lako."

Nilikwenda. Nilikwenda kwa aibu, nikarudi nikiwa nimechoka vizuri, na Jumamosi iliyofuata sikusubiri kuitwa. Kufagia mahindi si kufagia uwanja. Fagio linalazwa, halisimamishwi, ukilisimamisha punje zinaruka unampelekea mwenzako. Kisha kuna kupepeta. Unarusha ungo, pumba zinakwenda na upepo, kokoto unazisikiliza zikigonga ukingo, kwa sababu jicho peke yake halitoshi. Mama Yeremia alipepeta akiongea, bila kutazama, na mahindi yake yalitoka safi kama meno ya mtoto. Mimi nilipepeta yakaenda kwa kuku. "Mwacheni," alisema, "tajiri anagawa sadaka."

Nami nilikuwa na ndoto yangu wakati huo, nitaitaja japo watoto wangu hunicheka. Nilitaka kusoma taarifa ya habari redioni. Dar nilikuwa najifungia chooni nasoma gazeti kwa sauti nzito. Siku moja tumekaa chini ya kivuli cha lori tunachambua, mazungumzo yamepoa, nikashika bua la mahindi mdomoni nikaanza: "Hapa ni sokoni Kibaigwa. Ifuatayo ni taarifa ya habari, inayosomwa kwenu na Mwajuma Tajiri. Lori lililokuwa likielekea Dar es Salaam limekwama tangu asubuhi. Uchunguzi unaonyesha halina ubovu wowote. Dereva amenogewa na supu ya Mama Mwaju." Wakaacha kuchambua. "Huko Majengo, Dodoma, bei ya karanga imepanda, na Eda binti Yeremia naye amepanda kichwa." Eda akanirushia gunzi. "Wewe mimi si binti Yeremia, Yeremia ni kaka yangu!" "Tunaomba radhi kwa hitilafu hiyo," nikasema, sauti nzito vilevile. Mwanamke mmoja akauliza, "Na hali ya hewa?" Nikamjibu, "Asubuhi vumbi, mchana vumbi, jioni kutakuwa na vumbi la hapa na pale." Walicheka mpaka madalali wakaja kuangalia kuna nini. Kuanzia hapo ikawa desturi, kazi ikianza kuchosha wanaita, "Tajiri, fungua redio!" Redioni sikufika kamwe, kidato cha nne kilinitosha na matokeo yangu yalikuwa ya kuwafurahisha mafundi cherehani. Lakini nimewahi kuwa na wasikilizaji. Wangapi wanaweza kusema hivyo?

Ila usidhani nilikuwa nimeacha kuhesabu. Nilikuwa na maisha mawili, moja la kucheka mchana na jingine la kulala nikipanga chumba changu cha Temeke kichwani, pale meza, pale kioo. Sikuona kwamba yanagombana. Mtu wa miaka kumi na mitano anaweza kubeba ndoo mbili, shingo haimuumi.

Mwezi wa tisa, siku moja, tulitoka shule mapema kwa sababu walimu walikuwa na kikao. Nilifika nyumbani, uwanja mtupu, mbuzi wamelala. Nilipofungua mlango wetu nilisikia mwanamke anacheka upande wa pili wa ukuta, kwa Mama Yeremia. Kicheko cha wazi, kinachoanza chini kinapanda, kinakatika kutafuta pumzi kisha kinaanza tena. Nikajua Mama Yeremia ana mgeni. Nikaweka begi, nikachota maji ya kunywa, kile kicheko kikarudi, nikajikuta nami natabasamu, nikawaza, huyu mama ni nani, lazima ni mtu mwenye moyo mweupe. Halafu yule mgeni akaongea. Alikuwa mama yangu.

Nilibaki na kikombe mkononi. Nilikuwa nimeishi naye miaka yangu yote na sikukijua kicheko chake. Kile nilichokijua cha Temeke kilikuwa cha kiganja mdomoni, macho kuelekea mlangoni. Huyu hakuwa ameziba kitu. "Eti akaniambia," mama alikuwa anasema, akimsimulia Mama Yeremia habari za dereva fulani wa lori aliyemtongoza, "eti, 'Mama, nikubali nikupeleke Dar ukaone mji.' Nikamwambia, 'Kaka yangu, Dar nimeshaitumia, nimeifua, nimeianika, nimeirudisha kwa mwenyewe.'" Wakacheka wote wawili. Mama Yeremia alipiga paja. Kisha nikasikia mahindi yanapigwapigwa kwenye ungo, na Mama Yeremia akauliza, taratibu, "Na huyu mtoto? Desemba si inakuja?"

Mama akasema, "Akitaka kwenda atakwenda. Ni kwa baba yake, si kwa jirani."

"Na wewe utasemaje?"

"Nitamfungia maandazi ya njiani. Machozi simwonyeshi, Mama Yeremia. Nikimlilia atabaki. Mtoto wangu ana huruma, namjua, akiona kuku anachechemea anakosa usingizi. Sasa mtoto akibaki kwa huruma si amebaki. Kila siku ataniangalia kama deni."

"Hapo umesema."

"Nimesema, lakini kifua kinajua."

Nilirudi nyuma kwa vidole, nikafunga mlango polepole, nikatoka mpaka barabarani. Huko nikageuka nikaja tena nikiimba kwa sauti na kukohoa ili wasikie kwamba ndiyo kwanza nafika. Mama alitoka akiwa ameshika ungo, uso wake wa kila siku, akasema, "Mapema leo?" Nikasema, "Walimu wana kikao." Nilikula chakula changu bila kumtazama. Nilikuwa nimepewa tatizo ambalo hakuna mwalimu angelifanya ubaoni: nijue kama ninachotaka ni changu, au ni huruma tu imevaa nguo zangu. Nilijichungulia wiki nyingi. Nikiona mama amebeba sufuria kubwa peke yake, moyo unasema, baki. Najiambia hiyo ni huruma, hiyo haihesabiki. Nikisikia sauti ya baba kwenye simu na ule mwangwi, moyo unasema, nenda. Nayo ni huruma! Nilichoka na moyo wangu.

Eda ndiye aliyenisaidia bila kujua, na alinisaidia kwa ubaya. Mvua ya kwanza ilinyesha mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, harufu ya udongo ikajaa mpaka ndani ya masanduku, na kila mtu wa mji ule, awe mwalimu awe dalali, akachukua jembe. Mama Yeremia alikuwa na shamba nje ya mji. Alimkatia Eda kipande chake cha kupanda karanga, nami nikamwambia Eda, "Nipe mistari kadhaa na mimi nipande." Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe? Ukipanda, nani atapalilia?" Akaendelea kupanda, mgongo amenipa. "Mimi sipalilii karanga za mtu aliyeko Temeke. Tena usinizoeshe redio yako halafu uondoke nayo." Nikaona mabega yake yanatikisika, na haikuwa kicheko.

Niliinama nikachukua mbegu kwenye kibuyu, nikaanza mstari wangu. Udongo ulikuwa wa moto juu, wa baridi chini. Nilipanda mbegu moja moja, nafukia kwa kisigino kama alivyofanya yeye, na nilipofika mwisho wa mstari niliangalia nyuma nikaona kwamba sikuwa nimewaza mama wala baba. Nilikuwa nawaza zitaota lini. Nilitaka kuziona. Basi, ilikuwa hivyo tu. Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Nilitaka kuona karanga zangu zikiota, na nilitaka niwepo msimu ukifunguka.

Baba alikuja katikati ya Desemba, kwa basi, amevaa viatu vyeusi vilivyong'arishwa ambavyo tope la Kibaigwa lilivimaliza kabla hajafika mlangoni. Alikuwa amekonda. Nilimkimbilia nikamkumbatia, akaninusa kichwani kama zamani. Mama alikuwa amechinja jogoo na kupika wali, alipakua kwa utaratibu ule ule wa Temeke, na kwenye sahani ya baba, juu kabisa, akaweka firigisi. Kwetu firigisi ni ya baba, hata uwe na njaa vipi huiulizi. "Karibu, Baba Mwaju," akasema, akimmwagia maji ya kunawa. "Ahsante, Mama Mwaju." Wote wawili walikuwa wapole kama watu wanaobeba kioo. Kisha mama akajitanda kanga. "Mimi niko hapo kwa Mama Yeremia. Nyinyi mna maongezi yenu." Na safari hii upande wa pili wa ukuta hakukusikika hata punje.

Baba alikula kidogo. "Chumba chako nimekipaka rangi," akasema. "Kitanda nimekihamishia dirishani, si ulikuwa unapenda dirishani?"

"Ndiyo, Baba."

"Umeshafunga vitu vyako?"

Nilikuwa nimejiandaa na hotuba nzima, kwa sauti ya redio. Yote ikapotea. Nikasema, "Baba, nimepanda karanga."

"Karanga?"

"Zimeota. Zinataka kupaliliwa."

Alitaka kucheka, akaniangalia, akaacha. "Mama yako amekwambia useme hivyo?"

"Hapana. Mama hajui. Anadhani nakwenda, amenifungia maandazi."

Aliuangalia ukuta muda mrefu, akapandisha macho mpaka pale ukuta unapoishia na bati linapoanza, nadhani ndipo alipoelewa nyumba ile ilivyo. Akashusha sauti. "Mama yako anaendeleaje, lakini?"

"Anacheka, Baba."

Alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. "Ni vizuri," akasema. "Ni vizuri." Akanawa mikono. Aliniambia kitanda kitabaki dirishani, nikitaka likizo nije, nami nikamwambia nitakuja, na nilikwenda kweli, mara nyingi, mpaka alipofariki. Lakini wakati ule hatukujua hayo. Nilimsindikiza mpaka barabara kuu, tumeshikana mikono kama nina miaka mitano, mpaka basi la kutoka Singida likasimama. Alipanda. Alikaa upande wa pili, sikumwona dirishani.

Nilirudi nyumbani taratibu. Mama alikuwa bado hajatoka kwa Mama Yeremia. Kama alitusikia sijui; nadhani aliogopa kufungua mlango akute chumba kitupu. Vyombo vilikuwa palepale mkekani. Baba alikuwa ameula wali pembeni mwa sahani, ameuacha katikati, na firigisi hakuigusa. Alikuwa ameisogeza ukingoni, peke yake, safi. Kama aliisahau, kama alishindwa, kama aliona si yake tena, sikumuuliza na sitajua. Nilichutama pale. Nikachukua kisu, nikaikata vipande viwili, nikavipima kwa macho, nikapunguza kidogo kimoja ili vilingane. Kimoja nikakila. Kingine nikakiweka kwenye sahani ya mama, nikakifunika kwa kawa, nikaanza kukusanya vyombo.